Kutoka Ndandalo Hadi Kidatu



Kwetu Ndandalo, katika Kyela, hakuna reli. Kuna mpunga, kuna kokoa, kuna joto la ziwa, na kuna barabara ipandayo milima ya Rungwe. Atakaye gari la moshi hana budi kupanda mpaka Mbeya. Ndivyo tulivyofanya mwaka 2019, tulipokwenda Kidatu kumzuru ndugu yetu, tukifuatana na vijana wawili wa chuo chetu.

Kabla ya kufika Tukuyu tulikuta lori la mpunga limekufa katikati ya kilima, limeziba njia. Utingo alikwisha kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Likatokea lori jingine la kulivuta, mnyororo ukafungwa, na watu wakashangilia. Lakini dereva wa lori bovu, mzee mwenye mvi, akakataa katakata. Alisema upepo wa breki umekwisha. Akizifungua breki kwa mkono ili lori livutike, hatakuwa na cha kulizuia mnyororo ukikatika. Alitaka kwanza mpira wa upepo utoke katika lori zima uingie katika lake. Bahati mbaya vichwa vya mipira ile havikulingana, ikabidi utingo atumwe Tukuyu kutafuta kiungo. Tukakaa saa mbili. Sisi, kwa hofu ya kuachwa na gari la moshi, tulinung'unika kuliko wote, hata tukamwambia yule mzee kwamba anawatesa waja wa Mungu bure. Hakutujibu.

Alhamdulillahi, gari la moshi tuliliwahi. Reli hiyo ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia. Ukitoka Makambako huteremka milimani kwa mahandaki na madaraja, ikapita Mlimba na Ifakara, mpaka Kidatu penye mashamba ya miwa.

Hapo Kidatu tuliona jambo la ajabu. Reli mbili za nchi moja zimekutana wala hazikuungana. Ile ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, kwa kuwa ilifuata kipimo cha reli za kusini. Ile itokayo Kilosa ina milimita 1,000, kipimo cha reli ya kati ambayo Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa vidole vinne. Na kwa vidole hivyo shehena ya upande mmoja hainabudi kushushwa na kupakiwa upya upande wa pili.

Kijana wetu mmoja akauliza, "Maalim, kwani hawawezi kuyaunganisha mabehewa tu?"

Alikuwapo mzee aliyepata kufanya kazi ya reli. Akamwambia, "Mwanangu, hata magurudumu yangelingana, kushikana ndoana si kuungana. Ndoana zikipishana kimo, moja huchomoka njiani. Na zikishikana vizuri, bado kuna breki. Ziko breki za upepo wa kusukumwa, na ziko zinazofanya kazi kwa kunyonywa hewa. Kichwa chenye aina moja huweza kuyavuta mabehewa ya aina nyingine, lakini hakiwezi kuyazuia."

Kisha akatueleza namna ya kuliokoa gari la moshi lililoharibika. Asiyejua hudhani kwamba lililosimama limesimama. Sivyo. Injini ikizimika upepo huvuja kidogo kidogo, na breki zilizokuwa zimekamata hulegea zenyewe. Kwa hiyo la kwanza ni kukaza breki za mkono na kutia kabari. Ndipo kichwa cha kuokoa kikaribie polepole, ndoana zishikane, mipira ya upepo iungwe, na breki zijaribiwe mpaka behewa la mwisho. Breki za mkono na kabari hutolewa mwisho kabisa.

Akanyamaza, kisha akataja Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, gari la moshi la abiria lilishindwa mlima, likarudi nyuma lisiweze kuzuiwa, mpaka likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wallahi tuliinamisha vichwa. Tulimkumbuka yule dereva wa Rungwe na maneno tuliyomtupia. Nyuma ya lori lake mlikuwa na gari letu, na watoto wa watu ndani yake.

Tangu Juni 2024 nchi yetu ina reli ya tatu ichukuayo abiria, ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanzia Dar es Salaam hadi Morogoro. Ni neema kubwa. Lakini vijana wajue kwamba kichwa cha reli moja hakiwezi kwenda kuliokoa gari la reli nyingine. Kila moja lazima iweke vyombo vyake na mafundi wake, tayari usiku na mchana.

Tuliporudi Kyela tulimwulizia yule mzee sokoni na kwenye mashine za mpunga, tusimpate. Kama gazeti hili litamfikia, twamwomba radhi. Na nyinyi vijana, mkimkuta mtu kilimani anakataa kuvutwa kabla breki hazijaungwa, msimharakishe. Mtafutieni kiungo.