Naapa Kwamba Wanapendana

Dada yangu alinipigia simu saa tisa usiku, mwezi wa sita 2024. Kule Minnesota ilikuwa saa moja jioni na jua bado liko juu. Alikuwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Hakuwahi kunipigia akiwa nyumbani kwake. Sikuwa nimejiuliza kwa nini.

"Uko macho?"

"Niko kwa kazi."

Kazi yangu ni hiyo, kuandika usiku. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo nakula kwa kuandika vitu vya watu wengine: insha za wanafunzi wa ng'ambo, maelezo ya viatu, wasifu wa madaktari wa meno ambao sitawahi kuwaona. Naweza kuwa mtu yeyote kwa kurasa nne, bora doo iingie kwa M-Pesa Ijumaa.

"Basi kuna ingine nataka unifanyie. Ya bure." Akacheka kidogo. "Nataka barua ya kusema ndoa yangu ni ya kweli."

Walioana Desemba 2020 pale Sheria House, baada ya ile notisi ya siku 21. Shemeji alizaliwa hapa hapa, akaenda Marekani akiwa kijana, akapata uraia wa huko. Alikuja likizo, akampenda dada, akamuoa, akarudi kuanza makaratasi. Ombi lake lilikaa. Likaidhinishwa. Dada akaenda kutafuta cheti cha tabia njema, akapimwa mapafu na damu, akapanga foleni Gigiri asubuhi na mapema akiwa na faili nene kama Biblia. Septemba 2022 tukampeleka JKIA, familia nzima, matatu moja ya kukodi.

Kuna kitu hatukujua siku hiyo. Ukiingia Marekani kama mke wa raia na ndoa yenu haijafikisha miaka miwili, unapewa grini kadi ya masharti, ya miaka miwili tu. Ikiwa imefikisha, unapewa ya miaka kumi. Ndoa ya dada ilikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Angekaa hapa akala Krismasi na sisi, halafu aende, hangehitaji barua ya mtu.

Sasa kadi ilikuwa inaisha Septemba 2024. Katika zile siku 90 za mwisho, mke na mume wanatakiwa watie sahihi fomu moja, inaitwa I-751, waitume pamoja na ushahidi kwamba hawakuoana kwa ajili ya makaratasi. Akaunti ya benki ya pamoja. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili. Kodi waliyolipa pamoja. Picha. Na barua za kiapo kutoka kwa watu wanaoijua ndoa hiyo, kila mmoja akieleza ameijuaje.

"Wewe ndio mwandishi wa nyumba," dada akasema. "Weka vitu vya kugusa moyo."

Niliandika kwa saa mbili. Ilitoka vizuri sana, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilimpa shemeji mikono ya kupika ugali. Niliwaweka sofani wakibishana kuhusu mechi. Niliandika kwamba kila Jumapili wananipigia video, yeye amemwekea dada mkono begani, na kwamba nikiwaona nakumbuka kuwa umbali hauui mapenzi. Nilikuwa nimeona vitu kama hivyo mara mbili, tatu hivi, mwaka wa kwanza. Vingine nilivijaza, kama ninavyojaza za madaktari wa meno.

Dada aliisoma. Tiki zikageuka buluu. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akapiga tena, akiwa ndani ya gari lile lile.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini hawa ni akina nani?"

Halafu akaniambia. Mshahara wake unaingia kwenye akaunti yenye jina moja, na jina si lake. Mkataba wa nyumba una jina moja pia. Pasipoti na cheti cha ndoa viko kwenye kabati ambalo ufunguo anakaa nao shemeji. Akichelewa kutoka kazini dakika ishirini, anaulizwa mpaka asubuhi. Na kila wakikosana neno ni moja: mimi ndiye niliyekuleta, nikipiga simu moja unarudi kwenu na begi.

"Hajanipiga," akaongeza haraka, kama mtu anayeonyesha risiti.

Nilikuwa na swali la kijinga na nikaliuliza. Karo yangu? Kabla ya kusafiri, dada ndiye aliyenilipia, kwa mshahara wa kaunta ya supamaketi. Alipoenda tulijua mambo yamejipa. Badala yake pesa zikapungua, zikawa za vocha, zikakatika. Nikatoka chuo. Nilikuwa nimewaambia watu wengi kwamba dada yangu akishaona theluji alitusahau. Niliwaambia nikicheka, lakini nilimaanisha.

"Nilikuwa naambiwa ni ya kulipa madeni ya makaratasi," akasema.

Nataka kuandika nilichomjibu, kwa sababu ningeweza kukiruka na hakuna angejua. Nilimwambia, "Vumilia kidogo, siz. Umebakisha kidogo tu."

Sikuwa peke yangu. Mama alimwambia hivyo hivyo alipomweleza nusu ya hadithi. "Mimi nilikaa na baba yenu miaka kumi na tisa," akasema, "na hakukuwa na kadi mwishoni." Lakini Mama alikuwa anasema kwa kutojua. Mimi nilikuwa nimesoma. Hesabu ilikuwa kichwani mwangu tayari.

Iko hivi. Mwenye grini kadi wa kawaida huomba uraia baada ya miaka mitano. Ukiwa bado unaishi na mwenzako ambaye ni raia, ni mitatu. Hapa kwetu Katiba ya 2010 inamtaka mgeni aliyeoana na Mkenya asubiri saba, kwa hivyo mitatu unaona ni ya bure. Dada akivumilia, Septemba 2025 atakuwa amefika. Akiachana, ni 2027. Uraia wa Kenya hatapoteza, maana Katiba hiyo hiyo inamruhusu aliyezaliwa Mkenya kuwa na pasi mbili. Na akishakuwa raia anaweza kumwombea Mama, ambaye mzazi hana foleni ya miaka. Halafu anaweza kuniombea mimi. Mwenye kadi tu hawezi kumwombea ndugu. Lazima awe raia.

Yaani nilipomwambia avumilie, nilikuwa najiombea.

Usiku huo sikufanya kazi ya mteja. Nilifungua ile taarifa ambayo serikali ya Marekani hutoa kila mwezi kuonyesha foleni za viza zimefika wapi. Nikatafuta mstari wa ndugu wa raia. Ilikuwa 2024 na walikuwa wakiwahudumia watu walioombewa 2007. Niliisoma tena nikidhani nimekosea safu. Mwaka 2007 mimi nilikuwa nasery nikijifunza kufunga viatu. Nilikuwa na miaka 24. Foleni ikienda kwa mwendo huo, ningeitwa nikiwa nimepita arobaini, labda na mvi. Nilikuwa nimemwomba dada yangu abaki kwenye nyumba ile kwa sababu ya kiti cha ndege cha mzee fulani ambaye ni mimi.

Kwa hivyo nikasoma kingine, kile nilichopaswa kukisoma kwanza. Fomu ile ile ya I-751 ina njia ya kupita peke yako. Kama uliingia kwa nia njema na ndoa ikavunjika kwa talaka, unaomba usamehewe ile sahihi ya mume. Kama ulipigwa au kutendewa ukatili mkubwa, pia, na ukatili si lazima uwe wa ngumi. Na lile tisho la simu moja halikuwa na miguu: mume hana uwezo wa kumfukuza mtu nchini, hiyo ni kazi ya serikali na ina hatua zake. Tena shemeji mwenyewe ndiye aliyetia sahihi, wakati wa kuomba viza, kwamba atamtunza dada kifedha. Sahihi ile talaka haiifuti.

Nilimtumia yote kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Mwishoni nikasema, "Ile ya kuvumilia, niliongea vibaya."

Hakujibu hiyo sehemu. Aliuliza tu, "Barua ya kwanza umeifuta?"

Alimpata wakili wa msaada wa kisheria, wa bure, kupitia mama mmoja Mkenya wa kazini. Wakili akaanza kukusanya ushahidi, na ikatokea kwamba barua bado ilihitajika. Safari hii ya kweli.

Ya pili ilinichukua wiki. Ni ngumu kuandika unachokijua tu. Niliandika kwamba nilikuwa Sheria House siku ile na dada alivaa gauni la kijani la kukopa. Kwamba aliacha kazi yake kumfuata mume. Kwamba uwanja wa ndege alibeba royco pakiti kumi kwa sababu shemeji alisema ameimiss. Kwamba aliolewa akiamini, na sisi tuliamini naye. Kisha nikaandika kwamba kwa miaka miwili sijawahi kuzungumza naye kwa simu akiwa ndani ya nyumba yake, na kwamba ninalojua kuhusu nyumba hiyo ameniambia kutoka kwenye gari. Kurasa moja na nusu. Hakuna sofa.

Niliipeleka kwa wakili mmoja wa viapo, ghorofa ya tatu, mjini. Hakuisoma. Alinyoosha mkono achukue muhuri.

"Ngoja kidogo," nikamwambia, nikaisoma tena yote nikiwa nimesimama, watu wakisubiri nyuma yangu.

Fomu ilienda Septemba, siku chache kabla ya kadi kuisha, ikiwa na jina la dada pekee. Alirudishiwa risiti inayorefusha kadi yake kwa miezi 48 wakati wanaamua. Talaka ilikuja baadaye. Sasa anaishi na wasichana wawili wa kutoka Kisii, jina lake liko kwenye mkataba wa nyumba, na bado anasubiri jibu. Linaweza kuwa hapana. Wakili amemwambia hivyo waziwazi.

Mama hakuongea na mimi karibu mwezi. Alisema nimemharibia mtoto nyumba kwa sababu ya kusoma sana, mimi niliyeshindwa kumaliza kusoma. Halafu jioni moja akanipa simu yake nimwekee bando, akasema nimpigie dada kwa video. Alitaka kuona jikoni. Dada akamzungushia simu: jiko, sufuria mbili, dirisha lenye theluji.

"Na hapo ni kwako?" Mama akauliza.

"Nusu, Mama. Tunagawana."

Mama akaangalia muda mrefu. "Hiyo sufuria ndogo itakuunguzia wali," akasema. "Nunua nzito."