Nilivyopatana na Sabufa

Kwa miaka mingi mimi na besi hatukuivana kabisa. Tulikuwa tumepanga Kimara, nyuma ya baa, chumba chetu kikipakana na ua ambako spika zilipangwa. Muziki ukishaanza Ijumaa jioni, sikusikia mwimbaji, wala gitaa, wala tarumbeta. Kilichofika kitandani kwangu ni du, du, du, mpaka karibu na alfajiri. Upigwe wimbo wa dansi, upigwe wa bongo fleva, wapige hata kwaya, kwangu ulikuwa ni ule ule mmoja. Nikaamini kwamba besi ni kitu walichowekewa walevi ili wajue baa bado ipo wazi.

Leo hii sebuleni kwangu kuna sabufa ya inchi 12, imekaa ndani ya boksi nililolipigia hesabu mwenyewe. Dada yangu anasema nimelogwa.

Chanzo ni mdogo wangu. Alipohamishiwa Mwanza kikazi aliniachia mizigo yake, na katikati ya mizigo hiyo kulikuwa na spika moja kubwa, tupu, haina boksi, sumaku yake nzito ya kuvunja mgongo. Aliitoa kwenye gari aliloliuza. "Dada, nitunzie, nitaifuata." Mpaka leo hajaifuata. Nilipoamua kuiuza, shemeji akashauri tuijaribu kwanza, asije mnunuzi akasema tumemuuzia kitu kibovu. Akaiunganisha na amplifaya pale pale mezani. Mimi nikajikaza kusubiri kishindo.

Kishindo hakikuja. Kilitoka kisauti chembamba cha kukwaruza. Na koni ilikuwa inakwenda! Niliiona kwa macho yangu ikisukuma mbele na kurudi nyuma karibu sentimita nzima, lakini besi hakuna. Nguvu yote ile ilikuwa inakwenda wapi? Mimi ni mhasibu, na kitu kikitoka bila kuonekana kilikoingia, usingizi unanipaa. Spika haikuuzwa.

Jibu nililipata kwa kusoma usiku usiku, na lilinifurahisha kwa sababu lilikuwa la kihasibu. Koni inaposukuma hewa ya mbele, sekunde hiyo hiyo inaivuta ya nyuma. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya hezi 40 ina wimbi la urefu wa mita nane na nusu. Wimbi refu namna hiyo linauzunguka ukingo wa spika bila taabu yoyote, la mbele likutane na la nyuma, na moja lifute jingine. Debiti na krediti, salio sifuri. Kazi ya kwanza ya boksi, kabla ya urembo na rangi, ni kuyazuia hayo mawili yasikutane.

Kazi ya pili ndiyo iliyonishika zaidi. Mwaka 1932 mhandisi Albert Thuras wa maabara za Bell kule Marekani alipata hataza ya boksi lenye tundu, ambamo lile wimbi la nyuma halitupwi, bali linageuzwa lisaidiane na la mbele. Hewa iliyomo ndani ya bomba la tundu hilo ina uzito, hewa iliyomo ndani ya boksi ina mnepo, na zikiwa pamoja zinatikisika kwa masafa yake maalumu. Ukipuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia, umeshafanya jambo hilo hilo. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilitolea hesabu tangu karne ya 19. Ukibadili ukubwa wa boksi, au upana wa bomba, au urefu wake, noti inahama; kuichagua noti hiyo ndiko kulitega boksi.

Hata hivyo kwa miaka mingi baada ya Thuras maboksi mengi yaliendelea kujengwa kwa kubahatisha na kusikiliza. Aliyeleta nidhamu ni Neville Thiele wa Australia, katika andiko lake la 1961, kisha mwenzake Richard Small akaiendeleza kazi hiyo akiwa Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa sababu ya watu hawa wawili spika ya maana leo ina karatasi yake ya vipimo: masafa ambayo koni hutikisika yenyewe ikiachwa huru, jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa, na ujazo wa hewa wenye mnepo sawa na wa koni. Ukiwa na namba hizo tatu, boksi linakaa kwenye daftari kabla halijakaa kwenye mbao.

Hapo ndipo ile baa ya Kimara iliponieleweka. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi la kawaida unalia kwenye hezi 41. Boksi dogo la ubao mwembamba lenye kibomba kifupi linaweza kuwa limetegwa hezi 65 au 70. Noti zinazoangukia hapo linazivimbisha, zilizo chini yake linaziangusha, na ubao wenyewe unatetemeka na kuongeza kelele ya kwake. Mpigaji anapanda na kushuka kwenye nyuzi, boksi linajibu kwa noti yake moja. Halafu ukuta nao unazuia sauti nyembamba na kuruhusu nzito tu zipite. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia besi. Nilikuwa nasikia boksi.

Basi nikaingia kazini. Spika yangu, kwa vipimo vyake, ilifaa kwenye lita 60 na mtego wa hezi 32. Lita 60 ni ndoo tatu kubwa, nikaziona akilini. Ndani nikaweka sentimita 40 kwa 40 kwa 42.5, ambazo ni lita 68, kwa sababu spika yenyewe, bomba na mwamba wa katikati vinakula nafasi, na usipoviondoa kwenye hesabu boksi linakuwa dogo kuliko unavyofikiri. Bomba ni la PVC la inchi 4, lile la maji taka, ambalo kipenyo chake cha ndani ni kama sentimita 10.3. Kanuni ikanipa urefu wa sentimita 33.

Nikaenda Keko kwa mzee mmoja fundi seremala aliyewahi kunitengenezea kabati. Aliuangalia mchoro wangu, akaugeuza juu chini.

"Mama, hili ni banda la kuku?"

"Ni boksi la sabufa, fundi."

"Sabufa zinauzwa Kariakoo na boksi lake, tena na taa. Na hili bomba refu hivi la nini? Tukate ishirini, lipendeze."

Nikamwambia sentimita 20 zinanipandisha mpaka hezi 39, na mimi nataka 32. Akaniangalia kwa muda, kisha akaniuliza naishi na nani. Lakini bomba lilikatwa 33.

Mzee huyo ana mikono ya dhahabu, na vitu vingi alivijua bila karatasi. Ubao wa MDF wa milimita 18, alisema, ukiupiga skrubu ya ubavuni bila kutanguliza tundu la keekee unapasuka katikati ya unene wake, ukafumuka. Gundi ipakwe pande zote mbili, ibanwe, isiguswe mpaka kesho. Mimi nilichoongeza ni silikoni kwenye kila pembe kwa ndani, kwa kuwa boksi linalovuja hewa linapiga mluzi na nguvu ya besi inapungua. Tulipima uvujaji kwa udi: tuliziba bomba kwa kitambaa, nikaisukuma koni taratibu kwa viganja, na yeye akaupitisha udi unaofuka kandokando ya maungio. Penye tundu moshi unayumba. Kona moja ya chini, nyuma, moshi uliyumba. Fundi akaguna, akaenda kuchukua silikoni bila kuambiwa.

Lakini nikiulizwa ni lini hasa nilibadilika, nitasema ni siku ya kuijaribu nyumbani. Kuna programu za simu zinazotoa mlio wa masafa yoyote unayotaka. Nilianza hezi 60, nikawa nashuka. Kwenye 50 koni ilicheza vizuri. Kwenye 40 ilianza kupunguza mwendo. Nikafika 35, 34, 33, na koni ikasimama. Haikusimama kabisa, ila ilibidi niisogelee na kuigusa kwa ncha ya kidole ndipo nijue bado inatetemeka. Na chumba kilikuwa kimejaa sauti. Nikashika pindo la kanga yangu mbele ya mdomo wa bomba, likapepea kama vile kuna feni ndani. Pale kwenye mtego, karibu kazi yote inafanywa na hewa ya bomba, koni inapumzika. Nilikuwa nimelenga 32, nikapata 33, kwa karatasi na kalamu. Shuleni fizikia niliifaulu kwa kukariri. Sikuwahi kuona kanuni ikipeperusha kanga.

Chumba nacho kilikuwa na lake. Sebule yetu ina urefu wa mita 4.3, na chumba cha urefu huo kinajenga mawimbi yake yenyewe karibu na hezi 40: ukutani noti hiyo inavimba, katikati ya chumba inapotea. Kochi letu lilikuwa katikati. Dawa yake ni ya kuchekesha. Unaiweka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, unapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha unatambaa kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa ndipo sabufa inapohamia. Mama mkwe alikuwa ametutembelea. Akatoka chumbani akanikuta nimepiga magoti nyuma ya kabati la vyombo, sikio karibu na sakafu.

"Umedondosha hereni, mwanangu?"

"Hapana mama, natafuta besi."

Akarudi chumbani kimya. Besi ilikuwa pembeni ya mlango, kama theluthi ya ukuta, na kochi tulilisogeza nyuma.

Nilianza kusikiliza upya kila nilichokuwa nacho. TPOK Jazz, bendi ambayo Mpudi Decca aliipigia besi kwa miaka mingi, nilidhani naifahamu kwa magitaa yake matatu yanayosukana. Kumbe chini yake kuna mtu mwingine anazungumza, anamjibu mwimbaji, ananyamaza pale ambapo ungetegemea apige. Kwenye filamu nilimwita mwanangu tuangalie Jurassic Park ya 1993, pale dinosaria anapokaribia na maji kwenye glasi yanafanya miviringo. Miviringo ile ilifanywa kwa kucharaza uzi wa gitaa uliofungwa chini ya dashibodi ya gari, mtoto hakuamini. Alichokiamini ni kochi, maana lilitikisika.

Niseme na upande wa pili. Siku moja nilimwomba jirani niingie chumbani kwake, huku kwangu muziki ukiwa unapigwa, nisikie anachosikia yeye. Nikasikia du, du, du. Boksi langu zuri, hesabu zangu zote, mtego wa hezi 33, na ukuta haujali. Unapitisha kile kile unachopitisha siku zote. Tangu hapo saa tatu usiku sabufa inazimwa, na homu thieta inabaki na spika zake ndogo. Mume wangu analalamika kuhusu mechi za usiku. Mpira, nimemwambia, hauhitaji hezi 33.

Juzi fundi wa Keko amenipigia. Kapata mteja mwenye spika ya inchi 15, anataka boksi "kama la yule mama", na anaomba nimtajie tu urefu wa bomba. Nimemwambia amwombe mteja karatasi ya vipimo. Amenitumia picha ya spika, ya mbele, iko ndani ya mfuko. Nimemwambia asikate kitu.