Mwanafunzi na Michezo ya Kuigiza

Katika sanaa zote za maneno ambazo kijana hukutana nazo shuleni, mchezo wa kuigiza ndio unaomtaka atoe uamuzi wake mwenyewe mapema kuliko nyingine. Shairi huja na sauti moja, ya mtunzi wake, na msomaji hujua tangu ubeti wa kwanza ni nani anayesema naye. Hadithi nayo ina msimulizi, na msimulizi humshika msomaji mkono akamwonyesha mwema ni yupi na mwovu ni yupi. Lakini katika mchezo mwandishi hujificha nyuma ya pazia. Huyu husema lake, yule humjibu, na kila mmoja huonekana kuwa na haki wakati wa zamu yake. Msomaji huachwa baina yao, bila wa kumwongoza.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaeleze walimu na wanafunzi jinsi michezo mitatu ya kwetu ilivyoniingia moyoni nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari katika miaka ya 1980. Mimi si mhakiki wa chuo kikuu. Elimu yangu ya darasani ilikoma kidato cha nne. Tangu hapo nimekuwa mtumishi wa serikali mchana, na mtunzi wa mashairi usiku. Kwa hiyo sitafundisha uhakiki hapa. Nitasema tu yale aliyoyaona mwanafunzi mmoja, maana naamini kwamba mambo ya namna hiyo, ambayo mara nyingi hayaulizwi katika mtihani, ndiyo mlango wa kuingilia katika fasihi ya taifa letu.

Mchezo wa kwanza ni "Kinjeketile", ulioandikwa na Ebrahim Hussein, ukachapishwa mwaka 1969. Tulikuwa kidato cha tatu, na vitabu vilikuwa vichache hata wanafunzi wanne walikitazama kitabu kimoja. Mwalimu wetu akaona heri tuusome kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Mimi nilipewa maneno ya Kitunda, yule mkuu wa vita aliye karibu na Kinjeketile kuliko wengine wote. Wasomaji wengi wanakifahamu kisa chenyewe. Wananchi wanateseka katika shamba la pamba la mgeni. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji ya uzima, na makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya yanaungana. Lakini katika maneno aliyoyatoa alipopandwa na pepo limo jambo linalomtia shaka baadaye: ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sisi tuliokuwa tukisoma historia tulijua kwamba Seyyid Said alifariki mwaka 1856, takriban miaka hamsini kabla ya vita vile. Basi Kinjeketile anajiuliza: je, tunatoka katika utumwa mmoja ili tuingie mwingine? Anataka watu wasubiri, nao hawataki tena kusubiri.

Mwishoni Kinjeketile yuko kifungoni, na Kitunda yupo naye. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua kwamba siku akikiri, adui atawaambia watoto na wajukuu kuwa babu zao walikosea kupigana. Hapo ndipo nilipokuwa mimi, mwanafunzi wa miaka kumi na saba, nimesimama mbele ya darasa na maneno ya Kitunda kinywani. Sikuwa naigiza tena. Nilikuwa nikimsihi Kinjeketile kwa dhati aseme kweli.

Sharti nieleze sababu. Nyumbani kwetu ni vijijini Songea. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai mwaka 1905 katika milima ya Wamatumbi, na Kinjikitile wa historia, yule wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Lakini vita havikuishia naye. Vilipanda mpaka Ungoni, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni wakanyongwa pale Songea. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kuwa walikuwa 250,000 na hata 300,000. Kwa wenzangu waliotoka mikoa mingine hizo zilikuwa hesabu. Kwangu mimi, katika hesabu hizo walikuwamo ndugu wa mama yake bibi yangu, ambao hakuna ajuaye makaburi yao.

Darasa liligawanyika. Wengine walisema Kinjeketile ni shujaa, wengine wakasema mtu anayeacha wenzake wafe kwa neno ambalo yeye mwenyewe analitilia shaka hastahili jina hilo. Kengele ikalia. Siku ya pili mwalimu akaandika ubaoni kwamba dhamira kuu ya mchezo ni umoja na ukombozi, nasi tukanakili. Sikusudii kumlaumu. Mchezo ule uliandikwa miaka minane tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, na hapana shaka umoja umo ndani yake tena kwa nguvu sana. Lakini swali langu lilikuwa bado linawaka, na hakukuwa na nafasi ya kuliweka katika yale yaliyoandikwa ubaoni.

Likizo ilipofika nililipeleka nyumbani. Bibi yangu, ambaye kwa utani wa kwetu alikuwa akiniita mume wake, hakujua kusoma. Nikamsimulia mchezo wote tangu mwanzo mpaka mwisho, nikitumaini kwamba atanipa hukumu juu ya Kinjeketile. Alinisikiliza akipukuchua mahindi. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Mume wangu, na wale wanawake wa mchezo huo, walikuwa wanapika nini?"

Nilicheka. Lakini niliporudi shuleni nilikifungua kitabu, nikaona kwamba mchezo ule hauanzi na shujaa wala mto. Unaanza na wanawake wawili, mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda, wakizungumza juu ya uhaba wa chakula. Darasani tulizipita kurasa zile haraka ili tuyafikie maji na mikuki. Bibi ambaye hakupata kuona ukurasa hata mmoja alikwenda moja kwa moja mahali mwandishi alipoanzia, kwa kuwa alijua kutokana na maisha yake kuwa kila vita huanzia jikoni na kuishia jikoni.

Katika likizo iliyofuata nikamwuliza waziwazi: je, mama yako alimchukia mtu aliyeleta maji? Akanijibu kwamba mama yake hakuwa na kinyongo na maji. Kinyongo chake kilikuwa na wale waliochoma ghala. Nimelifikiri jibu hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Halimtoi Kinjeketile katika shaka yake, wala halimtoi Kitunda katika huruma yake. Lakini linauweka mzigo wa vifo pale unapostahili kuwekwa, na nadhani ndilo jambo ambalo Kinjeketile yule wa mchezo alilihofia: kwamba wakati utafika ambapo watu watabishana juu ya maji, na kumsahau aliyewasha moto.

Mchezo wa pili, "Mashetani", ni wa mwandishi huyohuyo, nao ulitoka mwaka 1971. Huu ulitutisha. Vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wao wa Shetani na Binadamu, na mzaha ule unageuka kuwa ugonjwa wa roho kwa Kitaru. Jamaa za Kitaru wamepanda juu katika mali baada ya uhuru. Jamaa za Juma wameporomoka kutoka katika utukufu wa zamani. Urafiki wao unaelea juu ya jambo ambalo wote wawili hawataki kulitaja. Darasani mwalimu alituuliza shetani ni nani. Tukajibu: ukoloni. Akauliza tena: na huyu aliyebaki baada ya mkoloni kuondoka ni nani? Darasa likanyamaza.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza. Rafiki yangu wa bwenini alikuwa mtoto wa mkubwa mmoja, na mwisho wa muhula gari lilikuja kumchukua wakati mimi nikisubiri lori. Tulipendana, tukagawana sabuni na sukari, lakini habari ya gari lile hatukuizungumza hata siku moja. Siku tuliyoisoma sehemu ile ambapo marafiki wale wanaanza kutazamana kwa mashaka, alinitazama nami nikamtazama. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, tulizungumza juu ya baba zetu. Urafiki haukuvunjika, bali ulikomaa. Ndipo nilipofahamu kwamba mchezo mzuri unaweza kuwapa watu wawili maneno ya kuanzia mazungumzo ambayo wao peke yao wasingethubutu kuyaanza.

Mchezo wa tatu ni "Nguzo Mama" wa Penina Muhando, ambaye wengi wanamfahamu pia kama Profesa Penina Mlama. Ulichapishwa mwaka 1982, kwa hiyo kwetu ulikuwa bado mpya. Katika kijiji cha Patata wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo. Majina yao ni hesabu: Bi Moja, Bi Pili, na kuendelea mpaka Bi Nane, na kila mmoja ana mzigo wake unaomvuta mbali na kamba. Nguzo haisimami. Wavulana tulicheka sana tuliposoma, maana vichekesho vimo. Wasichana hawakucheka kama sisi. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba Bi mmojawapo ni mama yake mzazi. Hakusema ni Bi yupi. Kicheko kikaisha.

Mimi nilikerwa na mwisho wa mchezo ule. Nilikuwa nimeanza kutunga mashairi, nami nilizoea kwamba shairi hufungwa: ubeti wa mwisho hutia kufuli. Nikachukua daftari, nikajaribu kuandika mwisho mwingine ambamo nguzo inasimama na watu wanapiga vigelegele. Nilishinda nao siku tatu, nao ukakataa. Kila nilipotaka kuinyanyua nguzo ilinibidi kwanza nimnyamazishe mwanamke mmoja, nimwambie shida yake si shida. Nikaelewa kwa vidole vyangu, kwa kalamu, kwa nini mwandishi aliiacha chini. Alikuwa amewaachia kazi wanaotazama. Ndipo pia nililikumbuka swali la bibi yangu juu ya wanaopika, nikaona kwamba Penina Muhando aliwatoa wanawake wale jikoni akawaweka katikati ya jukwaa.

Katika kazi ya ofisi nimeandika barua na matangazo mengi kuliko mashairi. Neno lililopigwa muhuri huenda mpaka vijiji ambavyo aliyeliandika hatavifika, na huko hupewa maana ambazo hakuzikusudia. Kila nilipokuwa na tangazo la kuandika, Kinjeketile alisimama kando ya meza yangu. Neno likitoka halirudi. Basi na lipimwe kabla ya kutoka. Mafunzo ya kazi niliyopata hayakunifundisha jambo hilo kwa nguvu kama michezo ile.

Sasa niwageukie walimu. Siku hizi vitabu ni vingi kuliko wakati wetu, lakini viko pia vijitabu vya miongozo ambavyo humpa mwanafunzi dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo, vyote vimepangwa tayari kwa kukariri. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani juu ya "Kinjeketile" bila kupata kumsihi Kinjeketile hata mara moja. Mtihani una haki yake, wala siwaambii vijana waudharau. Ninachoomba ni utaratibu tu. Kwanza, mchezo usomwe kwa sauti, kwa kuwa uliandikwa usemwe. Pili, kabla neno dhamira halijaandikwa ubaoni, kila mwanafunzi aandike mistari michache: ni nani uliyemwonea huruma, ni nani aliyekukasirisha, na kwa nini? Mistari hiyo isisahihishwe kwa wino mwekundu. Tatu, mwanafunzi ausimulie mchezo nyumbani kwa mzazi, bibi au babu, kisha alete darasani swali atakaloulizwa huko. Wazee wengi hawana vyeti, lakini michezo hii imeandikwa juu ya maisha yao.

Nanyi wanafunzi, msione haya mkikuta kwamba mnayohisi hayafanani na yaliyo katika mwongozo. Hasira, hofu, kicheko kinachokatika ghafula, hizo ndizo dalili kwamba mchezo umekufikia. Zichunguzeni, mziulize zimetoka wapi, kisha rudini katika kitabu mkatafute mahali zilipoanzia. Utamaduni wa taifa haukai kabatini pamoja na vitabu. Hukaa katika mabishano ya kweli baina ya watu wanaosoma kitabu kimoja, na mabishano hayo hayawezi kuanza mpaka kijana mmoja darasani ainue mkono aseme: mimi sikubaliani na Kinjeketile, na sababu yangu ni hii.