Mbalamwezi ya Mwaloni

Washairi wetu wengi huitaja mbalamwezi kama rafiki wa wapendanao. Humulika njia ya mpenzi, hulinganishwa na uso wa bibi harusi, nayo hutuliza moyo wenye huzuni. Kando ya Ziwa Viktoria neno hilo hilo hubeba maana nyingine, na maana hiyo ndiyo iliyomletea mjukuu wangu alama nyekundu shuleni.

Amekulia Musoma, naye yuko kidato cha tatu Mwanza. Katika shairi lake aliandika kuwa mbalamwezi imeingia na jiko la nyumbani limepoa. Msahihishaji aliukata mshororo huo, akaandika pembeni: "Mbalamwezi ni furaha." Likizo ilipofika niliamua kumrudisha kwao mwenyewe, tupate wasaa wa kulizungumza jambo hilo njiani.

Tulipita Lamadi, Ghuba ya Speke ikiwa kushoto na nyika za Serengeti kulia. Bunda nilimwonyesha barabara iendayo Kisorya, penye kivuko cha Ukerewe. Ng'ambo ile ndiko Aniceti Kitereza alikotungia riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980. Maisha ya kisiwani yakaingia katika lugha yetu kwa mlango huo.

Makutano tuliiacha njia kuu, tukaelekea Butiama, penye kaburi la Mwalimu Nyerere. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Shule aliianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mtoto huyo wa Kizanaki ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

"Babu, wao nani aliwasahihisha?" mjukuu aliuliza.

"Bila shaka walikuwapo," nilimjibu. "Ila msahihishaji mwema huuliza kwanza, ndipo akakata."

Musoma tulishukia mwaloni. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa nchi kavu, vichanja vya kuanikia dagaa vitupu, na kunguru wakizunguka bila la kuokota. Mama mmoja alikuwa akishona chandarua kilichochanika. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za kazi. "Tuko mbalamwezi, mwalimu," alijibu, kwa sauti ambayo mtu husemea, "Tuko msibani."

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri au za umeme wa jua. Dagaa huufuata mwanga, wavu ukawazingira. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake huenea ziwa zima, na taa ya mvuvi haiwaiti tena. Basi kazi husimama kwa siku kadhaa. Mvuvi hukosa, mwanikaji hukosa, mchuuzi hukosa, na deni la dukani huongezeka. Nuru ile ile inayomfurahisha mshairi ndiyo inayolipoza jiko la mama huyu.

Kamusi husema mbalamwezi ni mwanga wa mwezi, nayo haikukosea. Lakini neno huishi pia katika shughuli za watu walitumialo. Tukilibakiza katika mapenzi peke yake, mtoto wa mwaloni atajifunza kuandika furaha asiyoijua na kuificha njaa anayoijua. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoamini kwamba ushairi ni wa watu wengine.

Nimemshauri mjukuu wangu apeleke shairi tena likiwa na mshororo wake, na chini yake aandike sentensi mbili za kueleza uvuvi wa dagaa. Kina cha ubeti wa tatu kinalegea, na hicho nimemtaka akirekebishe. Mbalamwezi yake aiache kama ilivyo.