Chumba cha Nyuma

Nilipokwenda kumzuru binti yangu asomaye Marekani, alinichukua hadi Charleston, mji mkongwe wa South Carolina. Tulifikia katika nyumba ya kale ya wageni, ya kulala na kupewa staftahi. Nyumba za huko zimeipa barabara ubavu, na baraza ndefu hutazama bustani ili kupokea upepo wa bahari. Nikajiona kama niko kwetu. Asubuhi tulipewa uji mzito wa mahindi. Nyama ya nguruwe tuliomba isiletwe, nao wakaridhia kwa adabu.

Chumba chetu kilikuwa nyuma, juu ya jiko la zamani. Mwenye nyumba alikisifu kwa utulivu wake. Nilipomwuliza ni akina nani waliolala humo zamani, akasema, "Watumishi."

Binti yangu akamjibu kwa upole, "Watumwa, bibi."

Alinyamaza kitambo, kisha akatuonyesha tofali moja ukutani. Lilikuwa na alama za vidole, vidogo kama vya mtoto.

Usiku ule nilimkumbuka Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, aliyeshushwa Charleston mwaka 1807 akauzwa. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu, akaanza na Suratul Mulk. Alifariki angali mtumwa.

Tulitandika miswala kuelekea kaskazini mashariki, ndiko iliko kibla. Baada ya Isha binti yangu akaniomba niisome Suratul Mulk kwa sauti. Niliisoma yote, dirisha likiwa wazi.