Shibiri Tatu Kasoro

Kwa miezi minne nilisukuma chuma kutoka kifuani, nimelala benchini, mikono kwenye alama za mashindano zilizoachana sentimita 81, kwa kuwa ndivyo washikavyo wenye vifua vipana. Mimi nihesabuye mizani kwa vidole sikupima mabega yangu! Bega la kushoto likauma hata kuvaa kanzu ikawa shughuli.

Mwalimu wa mazoezi akaniagiza nitazame kigasha chuma kinapogusa kifua: kisimame wima, kiwiko chini ya kifundo cha mkono. Nikasogeza mikono ndani, kisha nikapima: shibiri tatu kasoro kidogo. Shibiri ya nani? Yangu, ndiyo raha ya neno hili, kila mtu huja na yake.

Nilipunguza kilo 10, na wiki nzima niliona haya. Kanzu sasa naivaa mwenyewe.