Siku Moja Ng'ambo ya Ziwa

Sisi watu wa Likasi tunajua ziwa Tshangalele kwa njia ya sahani: samaki wa Kapolowe na bukari, basi. Wachache wanakumbuka kwamba zamani maji yale hayakuwako. Ni baraji ya Mwadingusha, iliyoanza kutoa umeme 1930, iliyofunga mto Lufira.

Mwezi wa saba 2019 mujomba wangu, mvuvi mzee, alinitumia neno: "Kuya na mutoto. Miguu inaanza kukataa. Nikikufa, hakuna mwenye atabaonyesha."

Nikaenda na kijana wangu wa miaka 14. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mujomba alifunga kikwembe kizee kwenye mti, upepo ukaingia, mtumbwi ukatembea wenyewe, yeye anashika kafi nyuma tu. Ng'ambo tukauvuta ndani ya majani, tukaanza kupanda kwa miguu.

Alikuwa anatafuta vichuguu vitatu karibu na kijito. Kwa Basanga udongo wa kichuguu ndio uliojenga tanuru za kuyeyushia shaba. Kazi ilifanywa kiangazi, mavuno yakiisha: mawe ya kijani, makala, mivukuto ya ngozi. Shaba ilimiminwa kuwa misalaba. Waliitwa wala mukuba, maana mukuba ndiyo iliwalisha.

Vichuguu havikuonekana. Tulizunguka saa mbili nzima. Kumbe watu walivichimba kwa kufyatua matofali (na mimi nyumba yangu ni ya matofali hayohayo, siwezi kuwalaumu sana). Mujomba alikasirika, halafu akanyamaza. Ule ukimya ndio ulinitisha. Nilidhani kichwa chake kimesahau.

Ni mtoto aliyejikwaa. Jiwe jeusi, zito, lenye matundu kama mkate.

"Ni jiwe tu, kambo."

Mujomba akapiga magoti. "Hapana, mujukuu. Hii ni uchafu wa mukuba. Tuko fasi yenyewe."

"Lakini ku masomo tulisoma mukuba ilianza na Union Minière, 1906."

"Ile ni mwaka kampani ilizaliwa. Bakambo walikuwa bamekwisha kuzeeka ndani ya hii kazi."

Akatoa unga kidogo mfukoni, akanyunyiza chini, akaanza maneno ya Kisanga ambayo baba yake alimfundisha, ya kufungua kazi ya tanuru. Katikati akakwama. Akaanza upya. Mara tatu, na kila mara alikwama palepale. Sikujua nitazame wapi. Mtoto akafungua kaye yake, akaandika yale yaliyopatikana, akaacha mstari mmoja mtupu.

Kurudi, upepo ulikuwa usoni. Kikwembe hakikufaa kitu. Tulipiga kafi na kuchota maji kwa sufuria, mtoto ameficha kaye ndani ya shati.

Mujomba alifariki 2021. Mstari ule bado mtupu. Kama kuna mzee wa Kapolowe, wa Mwadingusha au wa popote kwa Basanga ambaye alisikia maneno hayo kwa baba yake, atuite. Tutakuja na kaye.